Mgonjwa Asiye na Mshono

Nilipasuliwa. Nataka hilo lieleweke kabla ya mengine yote, kwa sababu wapo watu wa ukoo wangu, wazima na akili zao, ambao mpaka leo ukiwauliza watakwambia nilikwenda Dar kupigwa picha nikarudi. Mmoja wao alimwambia jirani yangu kwamba nilikwenda kutembea. Kutembea! Na mpira mdomoni!

Kwanza nilitolewa mawe kwenye mrija wa nyongo. Halafu nikatolewa mfuko wenyewe wa nyongo. Kazi zote mbili zilifanywa bila ya kunifungua tumbo kama samaki, na hapo ndipo kosa langu lilipoanzia. Ningefunguliwa kama samaki, ningeheshimiwa.

Kwetu Unguja mgonjwa haumwi peke yake. Akitoka hospitali, mlango wake haufungwi. Watu huja kumtazama, wao wapate thawabu na yeye apate faraja, na sina ugomvi na hilo. Mimi mwenyewe nimetazama wagonjwa wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikwenda mikono mitupu. Lakini ipo sehemu moja ya desturi hii ambayo hakuna anayeitaja akiisifia. Baada ya pole, baada ya kuulizana hali na kumshukuru Mungu, hupita kimya kidogo. Halafu mmoja wao, kwa kawaida yule asiye na haya, hujisogeza kitandani na kusema, "Hebu tuoneshe." Na mgonjwa huonesha. Wanawake wenzako, utawaficha nini? Shuka hufunuliwa, watu huinama, wakasema "Masikini!" na "Lahaula!", na hapo hapo hukumu hupita kwa macho. Mshono mrefu: huyu asiguse ndoo, apikiwe, afuliwe, watoto wasimpigie kelele. Mshono wa wastani: apikiwe kidogo, halafu tutaona. Sijapata kumuona mgonjwa aliyeulizwa, "Wewe mwenyewe unajisikiaje?" na jibu lake likawa na uzito wowote.

Kipimo cha mishono yote katika ukoo wetu ni tumbo la dada yangu.

Dada ni wa kwanza kuzaliwa, mimi ni wa mwisho. Yeye ndiye aliyenibeba mgongoni pale kijijini kwetu Bwejuu wakati mama alipokwenda kuchokoa pweza. Alipokuwa mwanamke kijana, mwenye watoto wawili, alipatwa na maradhi haya haya, mawe ya nyongo. Naona tumerithi, kama tulivyorithi pua. Wakati ule walimkata kutoka chini ya mbavu mpaka karibu na kitovu. Kidonda kilipona vibaya, kikafanya uvimbe mnene unaong'aa, kama kamba iliyoshonewa ndani ya ngozi. Alilala muda mrefu. Tangu hapo, ikitajwa hospitali tu, dada hunyanyua gauni upande mmoja. Amenyanyua harusini, amenyanyua msibani, na siku moja alinyanyua kwenye Maulidi huku wenzake wanasubiri chai. "Hii ndiyo kupasuliwa," husema, kisha hushusha gauni na kuendelea na mazungumzo.

Mimi naishi Mjini, juu kabisa kwenye nyumba ya zamani yenye ngazi za kusimama wima. Mume wangu ni fundi wa mafriji, kazi yake iko kwenye mahoteli. Mimi napika kwenye shughuli. Katika ukoo wetu hakuna mwengine anayeweza kupika pilau la kijiji kizima bila ya kukamata chini. Ningependa kusema hilo kwa kujivuna, lakini kwa sasa nalisema kwa hasira, kwa sababu mikono yangu ndiyo waliyoijua. Tumbo langu hawakutaka kulijua.

Maumivu yalianza chini ya mbavu za kulia, yakapanda mpaka begani. Nilikunywa tangawizi. Nilikunywa habasoda. Nilijiambia ni gesi, kama kila mwanamke wa umri wangu anavyojiambia. Halafu mkojo ukageuka rangi ya chai, na ngozi ikaanza kuniwasha mpaka nikawa najikuna kwa kitana. Asubuhi moja mume wangu alinitazama wakati wa chai akasema, "Macho yako yana nini?" Nikaenda kwenye kioo. Yalikuwa ya manjano.

Daktari niliyempata Dar alikuwa mwanamke kijana wa bara, mpole lakini asiye na maneno ya ziada. Alinichorea ini, akachora mfuko wa nyongo chini yake, akachora mrija unaopeleka nyongo utumboni. Mawe yametoka mfukoni, akasema, yamekwama kwenye mrija. Nyongo haina pa kupita, inarudi kwenye damu. Watanilaza usingizi, watapitisha mdomoni mpira mwembamba wenye kamera, ushuke tumboni mpaka kwenye utumbo, pale mrija wa nyongo unapofungukia. Wataupanua mlango wake kidogo, watapitisha waya wenye kikapu kidogo mbele yake, kikapu kifunguke, kimeze jiwe, kilivute nje.

"Kama dema?" nikamuuliza.

Hakujua dema ni nini. Nikamueleza kuwa ni mtego wa samaki, akiingia hatoki. Akacheka. "Ndiyo, mama. Kama dema."

Baadaye watanitoboa matundu manne madogo tumboni, waingize kamera na vyombo vyao, wautoe mfuko, maana ukibaki utatengeneza mawe mengine. Na ndivyo ilivyokuwa. Nilipozinduka baada ya ile kazi ya kwanza, koo liliniuma kana kwamba nimemeza mwiba wa samaki changu. Daktari akaja akasimama kitandani, mume wangu yuko pembeni. Mawe yametoka, akasema, lakini moja lilikuwa kubwa, imebidi walivunje mle mle ndani, na mrija umevimba. Kwa hivyo wameacha ndani yake kijimrija cha plastiki, kifupi kuliko kidole, nyongo ipate kupita.

"Hiki si cha kukaa nacho," akaniambia. "Kikikaa sana kinaziba. Kikiziba, nyongo inaoza ndani na sumu inaingia kwenye damu. Unaweza kufa, mama. Tarehe nitakayokupa uje kukitoa, hata kama unajisikia mzima. Tena hasa kama unajisikia mzima."

Akamgeukia mume wangu akayarudia yote. Mume wangu akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa. Nami nilimuamini.

Tukarudi Unguja. Kabla sijamaliza kulala vizuri, dada akafika kutoka Bwejuu na kundi la wanawake, mkungu wa ndizi na kuku hai aliyefungwa miguu. Walipanda zile ngazi wakihema, wakavua viatu, wakajaza chumba. Pole, pole sana. Haya, tumshukuru Mungu. Kikapita kile kimya nilichokijua.

"Hebu tuoneshe," akasema dada.

Nikafunua. Plasta nne, kila moja si kubwa kuliko kipande cha kashata. Waliinama wote kwa pamoja. Hakuna aliyesema "Masikini." Hakuna aliyesema "Lahaula." Mmoja akauliza, "Na kwengine?"

"Kwengine hakuna."

"Na mawe yalitokea wapi?"

Nikawaeleza habari ya mpira, ya kamera, ya kikapu. Niliwaeleza kwa ufundi kabisa, nikidhani watashangaa kama nilivyoshangaa mimi. Binti wa ami yangu alificha uso kwa mtandio, mabega yanamcheza. Alikuwa anacheka.

Dada hakucheka. Alinyanyuka, akajipangusa mapaja, akatoa hukumu. "Alhamdulillahi. Basi hukupasuliwa, mdogo wangu. Umetobolewa. Hata masikio hutobolewa."

Kuku akaachwa jikoni. Mumeo atamchinja, wakasema, nawe utampika. Mimi! Na tumbo limejaa hewa waliyonipulizia wakati wa kunitoboa, bega linaniuma kwa hewa hiyo hiyo, na ndani, mahali ambapo jicho la mtu halifiki, nina kidonda kibichi pale ulipokuwa mfuko. Lakini kidonda cha ndani hakina mashahidi. Kuanzia siku ile simu zilikuwa za kunituma: nimnunulie fulani vitambaa Darajani, nimpelekee fulani dawa Kiembe Samaki, nishuke, nipande. Nikisema bado naumwa, upande wa pili ulikaa kimya kwa adabu, kama mtu anayemsikiliza mtoto muongo.

Nilikuwa na hasira tangu hapo. Lakini hasira ile nilikuwa bado naweza kulala nayo.

Halafu ikaja harusi. Kitinda mimba wa dada alikuwa anaolewa, na wiki ya harusi iliangukia juu ya tarehe yangu ya kurudi kutolewa mrija. Dada alikuja mwenyewe, akakaa ukingoni mwa kitanda changu, akanishika mkono.

"Nani atapika?" akaniuliza.

"Dada, mie nna miadi Dar. Nna mrija ndani."

"Mrija wenyewe wa nini?"

"Wa plastiki."

Akafikiri. Lazima niseme kwamba dada si mjinga. Analima mwani tangu mwani uanze kulimwa upande ule wa pwani, anajua maji, anajua kamba, na alinijibu kwa kile anachokijua. "Plastiki inaoza?" akasema. "Kamba zangu za mwani zimo baharini miaka, kwenye chumvi, kwenye jua, hazijaoza. Mrija wa plastiki utakufanya nini kwa wiki mbili tatu? Harusi ikisha, utakwenda."

Mume wangu alikuwa amesimama mlangoni. Yule yule aliyeambiwa na daktari mara ya pili peke yake. Nikamtazama anisaidie. Akasema, "Labda tuwapigie simu, tuakhirishe kidogo." Tukapiga. Muuguzi akasema tusicheleweshe. Mume wangu akakata simu akasema, "Hakusema hapana."

Nilikwenda Bwejuu. Nimewakasirikia wote kwa hilo, na mimi mwenyewe nimo.

Siku ya kumsinga bibi harusi nilikuwa uani, nimezungukwa na masufuria. Wasioijua singo niwaambie kuwa ni mchanganyiko wa manjano, liwa na mawaridi makavu, na mengine ambayo kila nyumba ina siri yake. Bibi harusi husuguliwa mwili mzima mpaka ang'are. Lakini singo haiishii kwa bibi harusi. Wanawake hutoka na mabakuli, wanapakana mashavuni, shingoni, mikononi, wanakimbizana kama watoto. Walinipaka na mimi, nyuma ya shingo na mikono yote miwili, nikiwa nimeshika mwiko. Ua zima lilikuwa la manjano. Hata mbuzi mmoja alikuwa ana alama ya kiganja ubavuni.

Nilikuwa nawashwa tangu jana yake. Nilijiambia ni moshi. Kisha nikaanza kutetemeka mbele ya moto, jua la mchana liko utosini, meno yanagongana. Nikamwambia binti wa ami yangu ashike mwiko, nikaenda kwenye ndoo nikanawe uso. Naye akanifuata, akaanza kujiosha mikono yake pembeni yangu. Tulikuwa na sabuni moja na kumbi moja la nazi. Yeye akajisugua, singo ikatoka, mkono ukarudi rangi yake. Mimi nikajisugua. Nikajisugua tena. Maji kwenye ndoo yaligeuka manjano, kisha nikayamwaga, nikachota mengine, yakabaki meupe, na mkono wangu ukabaki vile vile. Nilijisugua mpaka nikatoka damu kidogo kwenye kifundo, na damu ilikuwa nyekundu juu ya ngozi ya manjano.

Nikamwita dada. Akaja na bakuli lake mkononi.

"Dada, haitoki."

"Manjano mabichi hayo, hayatoki upesi. Mwaka huu makali."

"Si singo hii. Mie nnaumwa. Natetemeka."

"Umechoka. Kaa kivulini kidogo. Pilau likishaiva utalala."

Hapo nikafanya jambo ambalo sikulipanga. Nilivuta kope ya chini kwa kidole, nikamsogezea uso wangu mpaka pua zetu zikakaribiana. "Na humu ndani ya jicho," nikamwambia, "nani kanipaka?"

Aliona. Naapa kwa Mungu aliona. Nilimuona akiona: midomo yake ilifunguka, na mkono ulioshika bakuli ukateremka. Kisha akageuka, akampigia mtu kelele aongeze kuni.

Sijapata kukasirika namna ile maishani mwangu, na mimi si mtu mpole. Ilikuwa hasira iliyonipa miguu. Nilifungua kanga niliyojifunga kiunoni kwa kazi, nikaitupa juu ya mafiga, nikatoka uani kwa mlango wa nyuma. Mume wangu alikuwa barabarani na gari yake ya kazi, anashusha mabarafu ya maji ya kunywa.

"Washa gari," nikamwambia.

Akanitazama. Nadhani aliona kila kitu, maana uso wake ulibadilika. Lakini unajua alichokisema? Alisema, "Dada keshajua?"

"Washa gari!"

Akawasha. Alinipeleka kwa mwendo ambao sikujua gari ile inao, na kila tuta la msitu wa Jozani nililisikia ndani ya ini. Nilitapika kwenye ndoo ya barafu. Pale hospitali ya Mjini walinitia dripu na sindano za kupigana na sumu, wakaniuliza nini kimetokea, na mume wangu akaanza kueleza habari ya harusi. Nikamwambia anyamaze. Nilieleza mwenyewe, baina ya tetemeko moja na jengine, mrija upo wapi, wa nini, na tarehe yake imepita lini. Muuguzi alinipangusa mikono kwa pamba. Singo iliyobaki kwenye makunjo ya vidole ikatoka, na mengine hayakutoka, na yeye hakuhitaji kuambiwa tofauti yake.

Asubuhi nilivushwa Dar. Sikumbuki bahari. Nakumbuka tu daktari yule yule akisimama juu yangu, hacheki safari hii. "Mama, nilikwambia," akasema. Waliniingizia tena ule mpira, wakautoa mrija ulioziba, nyongo chafu ikamwagika kama maji ya mtaro uliozibuliwa. Hivyo ndivyo alivyoniambia, nami nikapenda kwamba hakunipambia. Aliniambia pia kwamba watu wengine hawafiki. Nikamuomba aniwekee mrija. Akautia kwenye kichupa chenye kifuniko, akanipa.

Niliporudi nyumbani, habari zilikuwa zimenitangulia. Unadhani ni habari gani? Kwamba nusura nife? La. Kwamba pilau liliungua. Kwamba wageni wa bwana harusi walikula mikate ya kununua. Kwamba niliitupa kanga kwenye mafiga mbele za watu, na hiyo ni dalili mbaya kwa bibi harusi. Binti wa ami yangu ndiye aliyekuja kunihadithia, na alinihadithia kwa huruma, kana kwamba msiba wenyewe ni huo. Nikamwambia atoke. Nikamwambia mume wangu asifungue mlango kwa mtu yeyote mwenye damu yangu.

Lakini dada hazuiliki na mume wangu. Alikuja peke yake mara hii, bila ya kundi, bila ya kuku. Alipanda ngazi taratibu, nilimsikia anapumzika katikati. Sikumuamkia. Tangu nijue kusema sijapata kumuona dada yangu nisimwambie shikamoo, na siku ile nilimtazama tu. Akakaa chini mkekani, si kitandani. Nilikuwa nimejiandaa maneno makali, nimeyapanga kama vyombo. Badala yake nikachukua kile kichupa kutoka chini ya mto, nikakiweka mbele yake.

"Uliuliza kidonda," nikamwambia. "Hicho hapo."

Akafungua kifuniko. Nilidhani atachukizwa, lakini dada ameshika mambo mengi machafu ya baharini. Aliutoa ule mrija kwa vidole viwili, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa na ukoko wa rangi ya udongo ndani na nje. Akaukwangua kwa ukucha wa kidole gumba, kama ninavyomuona siku zote akikwangua kamba zake maji yakitoka.

"Umeota utelezi," akasema polepole. "Kama kamba."

"Kamba zako unazikwangua kila maji ya bamvua," nikasema. "Usipozikwangua mwani unakufa, umenambia mwenyewe. Mie nani angenikwangua? Niliposema nnakwenda kukwanguliwa, ulisema plastiki haiozi! Na jicho uliliona, dada. Uliliona ukageuka."

Hakukanusha. Alirudisha mrija kichupani, akafunga kifuniko, akafunga tena kikiwa kimekwisha kufungwa. Halafu akanyanyua gauni, upande ule ule, kama alivyonyanyua mara zote. Nikataka kupiga ukelele. Nikadhani anakuja na lile neno lake hata leo.

"Nlipokuwa nimelala na hii," akasema, "shemeji yako alioa. Hakungoja. Alisema nyumba haina mtu wa kuchota maji. Mke mwenzangu aliletwa mie nikiwa bado natembezwa nimeshikwa. Mwanangu mdogo akazoea kumwita yeye mama." Alikuwa anautazama mshono wake, hanitazami mimi. "Umerudi wewe, nakuona unatembea kwa miguu yako. Plasta nne. Nikasema, kumbe ilikuwa inawezekana. Kumbe mtu anaweza kutolewa mawe akarudi kwake akamkuta mumewe. Nikakukasirikia, mdogo wangu. Sikutaka uwe mgonjwa. Ukiwa mgonjwa kwa hayo, basi mie nilikatwa bure."

Watu watasema wakati ule haikuwepo njia nyengine, na ni kweli. Mimi sikumwambia hivyo. Nilikuwa nimemkasirikia yeye kwa wiki nzima, na sasa hasira ilikuwa bado ipo, nzima, moto, ila haikujua imuendee nani. Imuendee shemeji, ambaye yuko kaburini? Imuendee kisu? Imuendee ukoo mzima uliomfundisha kuwa mwanamke haaminiwi mpaka aonekane ndani ya tumbo? Sikumsamehe. Niseme kweli, mpaka leo kuna siku namkumbuka akigeuka na bakuli lake, na mkono wangu unatafuta kitu cha kutupa.

Lakini dirisha lilikuwa wazi, na tumbo lake lilikuwa wazi. Nikashuka kitandani, nikachukua kanga yangu nikamfunika.

Tulikuwa tumekaa hivyo, ndipo hodi ikapigwa chini. Sauti za wanawake, nyingi, zikianza kupanda. Ndugu wa Bwejuu, na upande wa bwana harusi pamoja nao, wamekuja kumtazama mgonjwa. Mume wangu alikuwa chini na hakuwazuia, kama kawaida yake. Nikageukia ukutani. Nikajua kitakachofuata, na nikajua sitakiweza.

Dada alinyanyuka akajifunga ile kanga yangu. Akatoka, akavuta mlango nyuma yake, akasimama juu ya ngazi.

Niliwasikia wakimsalimia. Niliwasikia wakimuuliza hali yangu, naye akajibu. Halafu ile sauti isiyo na haya ikasema, "Basi tupishe tumuone. Safari hii wamempasua?"

"Mwenyewe kasema anaumwa," akasema dada. "Mnataka kuona nini tena?"

Wakanong'ona pale ngazini. Mmoja akauliza, basi warudi lini.

"Akisema kapoa," akasema, na nikamsikia akikaa chini kwenye ngazi ya juu, hapo hapo njiani.